Figo la Mwajabu Lilikuwa Zima

Wasifu wa marehemu Ridhiwani Sadallah Mwinyimvua (1977–2025)
Umesomwa katika hitma ya arobaini, nyumbani kwa mama yake, Ikwiriri, Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025

Wazee wetu, mashehe, majirani na ndugu mliofika, Mwenyezi Mungu awalipe kwa hatua zenu.

Siku ya mazishi mlisomewa wasifu mfupi. Ulisema marehemu alizaliwa, akasoma, akafanya kazi, akaoa, "akaugua kwa muda mrefu" na kufariki. Hakuna lililokuwa uongo ndani yake, lakini haukuwa wasifu alioutaka mwenyewe. Mwezi Agosti, akiwa Dar es Salaam kwenye kiti cha kusafishia damu, marehemu alimwambia dada yake Sabra, ambaye ndiye aliyeandika haya: "Mkifika pale pa ugonjwa msipite haraka. Semeni figo la Mwajabu lilikuwa zima. Semeni watu wakiwepo." Maneno hayo kuhusu mdogo wao wa mwisho yaliandikwa. Asubuhi ya mazishi kaka mkubwa, Abdala, aliyafuta, akasema msibani hapazungumzwi mambo ya ndani ya mwili wa mtu. Leo mama wa marehemu, Bi Mwanawetu, ameagiza yasomwe yote. "Kama hamtaki," alisema, "nipeni mimi niseme, na mimi sijui kusema kwa ufupi."

Ridhiwani alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1977 huko Ndundu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Sadallah Mwinyimvua na Bi Mwanawetu Ally. Mwaka ule mto ulijaa mapema na njia ya kurudi kijijini ilifunikwa na maji, kwa hiyo alizaliwa shambani, juu ya dungu, mahali ambapo mama yake alikuwa akilinda mpunga dhidi ya nguruwe. Alishushwa kwa ngazi siku ya tatu, amefungwa ndani ya kanga kama mzigo wa ufuta. Mama yake humwambia kila mtu kwamba mwanawe aliiona dunia kutoka juu kabla ya kuikanyaga, na ndiyo maana hakuwa mwepesi wa kuigombania.

Alianza darasa la kwanza Januari 1985 katika shule ya msingi ya kijiji, na jioni alisoma madrasa. Masika yakizidi, watoto wa upande wao walivushwa kwa mtumbwi, daftari zikiwa kichwani. Alihitimu darasa la saba mwaka 1991. Jina lake halikuwamo kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Mwalimu alipowasomea majina, Ridhiwani alipiga makofi kwa kila jina hadi la mwisho, kisha akaenda nyumbani akamwambia baba yake, "Baba, nimebaki na wewe." Mzee Sadallah hakuwa mtu wa kukumbatia watoto, lakini siku ile, kwa maneno ya mama, alimkatia yeye peke yake kipande cha kichwa cha samaki.

Mwaka 1995 alipata kibarua kwenye kivuko cha Ndundu. Kazi yake ilikuwa kurusha kamba na kuweka magogo nyuma ya matairi ya malori yasije yakarudi mtoni. Hapo ndipo alipokuwa rafiki wa Hemedy, aliyeuza mayai na maji kwa abiria waliosubiri, na ambaye tutamtaja tena. Daraja lilipofunguliwa Agosti 2003, kivuko kilikufa na vibarua wakatawanyika. Jumapili moja Ridhiwani alimchukua mama yake kwenda kulivuka daraja kwa miguu. Bi Mwanawetu alisimama mwanzoni mwa daraja akakataa.

"Nauli unampa nani?"

"Hakuna nauli, mama. Daraja ni la bure."

"La bure kwa leo. Tukifika katikati litatudai."

Walivuka mara mbili, kwenda na kurudi, mama akiwa ameshika shati la mwanawe kwa nyuma. Tangu hapo Ridhiwani alipenda kusema kwamba kazi aliifanya miaka minane, na faida yake aliipata mchana ule mmoja.

Baada ya kivuko alihamia hapa Ikwiriri, akajifunza mashine ya kukoboa mpunga hadi akawa fundi na hatimaye msimamizi. Wengi wenu mmekula mchele uliopita mikononi mwake. Hakuwa na maneno mengi, ila aliyokuwa nayo yalikuwa na chumvi. Mama mmoja alimlalamikia, "Fundi, mchele wangu wote umetoka vipande." Akamjibu, "Shangazi, uliuvuna kwa hasira. Ulikuwa umegombana na nani?" Yule mama alicheka hadi akakaa juu ya gunia, kisha akakiri kwamba aliuvuna haraka kabla wifi yake hajafika. Chenga zilizobaki sakafuni Ridhiwani hakuziuza. Zilikwenda kwenye nyumba zenye watoto wa uji.

Tarehe 7 Mei 2005 alimuoa Swaumu Athumani wa Nyamisati, binti wa muuza boriti. Mungu aliwajalia watoto wawili, Zuena na Saidy. Ilikuwa ndoa ya utulivu. Swaumu anasema walipishana kwa sauti mara chache, na kila mara ilikuwa juu ya pumba, maana mume wake alirudi nazo kwenye nywele, kwenye masikio na mara nyingine kwenye mto wa kulalia.

Sasa tumefika pale alipotuomba tusipite haraka.

Mwaka 2018 alianza kuumwa kichwa. Alisema ni kelele za mashine. Akameza dawa za maumivu za dukani, akanywa kombe la shehe, akarudi kazini. Presha ilikuwa juu na hakuna aliyeipima. Julai 2019 miguu ilivimba, na hospitali ikamwambia kwamba mafigo yote mawili yamechoka na hayatarudi. Kuanzia Oktoba mwaka huo alihamia Mbagala kwa shemeji yake ili awe karibu na mashine ya kusafisha damu, ambayo alipaswa kukaa nayo mara tatu kila wiki. Madaktari walisema kuna njia nyingine: kupandikizwa figo kutoka kwa ndugu wa damu.

Kikao cha ukoo kilikaa Februari 2021, hapa hapa uani, marehemu mwenyewe akiwepo. Walioitwa walikuwa ndugu zake wanne. Sabra alipimwa akakutwa na kisukari, akaondolewa. Abdala, kaka mkubwa, alisema yeye hakatai, ila jambo kubwa lahitaji kufikiriwa. Ally, mdogo wa kiume, aliuliza, "Mimi nikitoa figo, minazi atapanda nani?" Mjomba mmoja akasema wanawake wasiguswe kwa sababu bado wanazaa. Wengine wakaangalia majamvi. Mwajabu, kitinda mimba, ambaye alikuwa pembeni anasuka ukili wa mkeka wake, hakuacha kusuka. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, ameachika, na ana mtoto mmoja.

"Nyinyi fikirini," alisema. "Mimi napanda basi la asubuhi."

Alipimwa kila kitu kinachopimwa. Damu yake, moyo wake, mafigo yake. Madaktari waliridhika. Tarehe 9 Novemba 2021, katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam, figo moja la Mwajabu lilihamishiwa kwa kaka yake. Lilianza kufanya kazi pale pale mezani. Aliyekuwa hajakojoa vizuri kwa miaka miwili alikojoa, na Bi Mwanawetu, alipopigiwa simu, alishukuru kwa sauti ambayo majirani walidhani ni ya msiba.

Ni lazima hapa tueleze jambo kama lilivyoelezwa kwetu. Mwili wa mtu una kinga, na kinga hufukuza kila kilicho kigeni. Figo la ndugu yako, hata akupende vipi, kwa mwili wako ni kigeni. Kwa hiyo aliyepandikizwa hunywa dawa maisha yake yote za kuishusha kinga, ili isilipige figo. Kinga ikishuka, kila ugonjwa unaopita njiani huona mlango uko wazi. Ndiyo maana Ridhiwani alivaa barakoa, hakurudi kwenye vumbi la mashine na hakukaa kwenye mikusanyiko. Kuna waliosema amekuwa na maringo tangu atoke Dar.

Aprili 2022 alitokwa na mkanda wa jeshi, malengelenge mwilini upande mmoja kama aliyeunguzwa na maji. Ni kirusi cha tetekuwanga ambacho hulala mwilini tangu utotoni na kuamka kinga ikipungua. Waliozoea kupima magonjwa ya wenzao kwa macho walisema ni ule ugonjwa mwingine. Haukuwa. Yeye aliwahi kliniki siku ya pili, akapewa dawa, akapona. Tunalitaja hili kwa sababu moja. Alijua kuwahi. Mtu aliyewahi mara ya kwanza hakuchelewa mara ya pili kwa ujinga.

Miezi miwili kabla ya mkanda wa jeshi, mwezi Februari, tulikuwa tumefanya kisomo cha shukrani. Ridhiwani alikaa mbali kidogo na watu, barakoa usoni. Hemedy alikuja. Ukoo wa Hemedy, ambao asili yake ni vilima vya Umatumbi, ni watani wa ukoo wetu tangu kwa mababu, na hakuna hapa asiyejua taratibu zake. Mtani husema atakalo, popote, hata mbele ya jeneza. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mtani hajibiwi kwa hasira wala kwa ushahidi. Hujibiwa kwa utani tu.

Hemedy alisimama katikati ya sahani za pilau.

"Jamani, mtani wangu kaongezewa kiungo cha kike! Kuanzia leo mpisheni jikoni."

Ridhiwani akamjibu, "Figo la kike hili linaamka alfajiri. Wewe una mawili ya kiume na yote yanalala hadi saa nne."

Watu walicheka. Hemedy hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya pilau. Akamgeukia Mwajabu, aliyekuwa akigawa maji.

"Na huyu mnamjua kwa ubahili! Anauza mkeka, upindo anabakiza nyumbani! Mnafikiri angetoa lile zuri? Kachungulia, kachagua bovu, kalitoa. Zuri kabaki nalo."

Uwanja mzima ulicheka. Mwajabu alicheka. Marehemu alicheka hadi barakoa ikashuka. Na kwa kuwa ulikuwa utani, hakuna aliyesema, wala aliyeruhusiwa kusema, kwamba si kweli.

Maneno yale hayakubaki kwenye sahani. Kila Hemedy alipokutana na Ridhiwani alimwuliza, "Lile bovu linaendeleaje?" na Ridhiwani alimjibu, "Linakusalimia." Mashineni wakalishika neno hilo. Stendi wakalishika. Kufika mwaka wa pili lilikuwa likisemwa na watu ambao hawakuwa watani wa mtu yeyote, na waliolisema hawakucheka. Mwaka 2023 mwanamume wa Bungu alileta posa kwa Mwajabu. Baada ya wiki chache aliiondoa, akatuma mtu aseme kwamba kwao wamesikia mambo ya mafigo. Mwajabu aliupokea ujumbe akiwa anasuka. Alimwambia mjumbe, "Mwambie nimeshukuru, nilikuwa sijapata ukili wa kutosha kwa mkeka wa wawili." Ridhiwani alikuwepo. Hakucheka siku hiyo, na mke wake anasema hakula.

Januari 2024, kliniki ilimwambia kwamba kipimo cha figo kimepanda kidogo. Walimtaka arudi baada ya wiki mbili wampime zaidi, pamoja na vipimo vya virusi. Alirudi nyumbani akamwambia Swaumu, "Wamesema niko sawa."

Hakurudi baada ya wiki mbili. Aprili mto ulijaa, vijiji vikazama, na watu wa Muhoro wakalala kwenye mahema. Mwezi uliofuata barabara ilikatika kule Somanga. Ridhiwani alisema hawezi kwenda Dar kwa sababu ya maji. Tulikubali. Wote tuliokubali tunajua kwamba Somanga iko kusini mwa Ikwiriri na Dar iko kaskazini, na kwamba mabasi ya Dar yalikuwa yakipita mbele ya nyumba hii. Mtu akiwa katika mafuriko husikia neno maji na haulizi ni ya wapi.

Wakati huo wote alikuwa akifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alipotoka hospitali mwaka 2021 alionywa kwamba akiacha vidonge mwili utalikataa figo. Basi kipimo kilipopanda, aliamini mwili umeanza kulikataa, na kwamba dawa yake ni vidonge zaidi. Akaongeza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vilipopungua aliagiza vingine duka la dawa Dar, vikaletwa na basi. Alikuwa akilishikilia figo la dada yake kwa mikono miwili, na kwa mikono hiyo hiyo akiliua.

Aliyegundua ni Mwajabu. Julai 2024 alikuja kumletea kaka yake mkeka wa kuswalia, akakaa chini miguuni pake, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Kaka, hii ni nini?"

"Viatu."

"Hujavaa viatu."

"Vya jana."

"Vaa vya leo basi. Tunaondoka."

Huko Dar walimpima damu na mkojo, na majibu yakatoka. Ni kirusi kinachoitwa BK. Daktari wa kliniki, mwanamke mpole, alituambia kwamba wengi wetu, pengine wote tuliokaa hapa leo, tulikipata utotoni kama mafua na hatukujua. Hakitoki tena. Hulala kwenye mafigo na kwenye njia ya mkojo. Mtu mwenye kinga yake kamili huzeeka nacho na kuzikwa nacho bila kukijua.

"Sisi tumewalaza askari ili wasilipige figo," alisema. "Aliyekuwa amelala ndani ya nyumba ameamka, hakuna wa kumzuia. Kila kidonge ulichoongeza, ulimlaza askari mwingine."

Sabra alimwuliza, mbele ya Mwajabu, kama kirusi kilikuja na figo. Tunaandika jibu lake lote, kwa sababu marehemu hakutaka jambo lifichwe.

"Inawezekana kilikuja na figo. Inawezekana alikuwa nacho mwenyewe. Mngempa figo langu mimi, huenda kingekuwemo. Mngempa la kaka zenu, huenda kingekuwemo. Hatuna figo la mtu mzima lisilowahi kukutana na kirusi. Ndiyo maana tunamwita mgonjwa aje tumpime. Tukikikuta mapema tunapunguza dawa, na mara nyingi figo linabaki." Akamgeukia Ridhiwani. "Kwa nini hukuja Januari?"

Ridhiwani alimjibu daktari.

"Ningekuja, mngeniambia figo linaharibika. Nyumbani wangejua. Wangesema ni yeye." Akamwonyesha Mwajabu kwa kidevu.

Mwajabu alikuwa amesimama na mfuko wa machungwa. Walipotoka nje, kwenye mabenchi, alimgeukia.

"Kaka, mimi nilikuomba unilinde?"

"Hukuniomba. Hata mimi figo sikukuomba."

"Uliniomba kwa macho, kikao kizima."

"Basi tumelipana."

Wakacheka wawili wao, mbele ya wagonjwa wengine, kicheko ambacho Sabra hakukiweza wakati ule na hakiwezi hadi leo. Kisha Mwajabu akammenyea chungwa, akampa nusu tu na nusu akala yeye, kwa kuwa daktari alikuwa ameshakataza machungwa kwa mwenye figo linaloshindwa.

Dawa zilipunguzwa. Kirusi kikashuka kwenye vipimo, polepole, kama maji yanavyotoka shambani. Lakini figo lilikuwa limeshajaa makovu. Desemba 2024 Ridhiwani alirudi kwenye mashine, kiti kile kile, mara tatu kwa wiki. Na hapa Ikwiriri habari ilifika kabla hata Swaumu hajamaliza kufungasha: lile figo bovu la Mwajabu limekufa, si tulisema.

Si tulisema. Yapo maneno machungu kuliko haya katika lugha yetu, lakini si mengi. Watu waliokaa kikaoni wakiangalia majamvi, walipoletewa habari kwamba aliyetoa ametoa bure, walipata nafuu. Kama figo lilikuwa bovu tangu mwanzo, basi wao hawakunyima kitu. Ndivyo Mwajabu alivyobebeshwa, na aliyembebesha kwanza alikuwa anatania.

Marehemu alikaa miezi tisa kwenye mashine. Alidhoofika, lakini ulimi haukudhoofika. Saidy, mwanawe, alipomwuliza inauma, alisema, "Inakoboa. Inatoa pumba, inarudisha mchele." Aliwauguza wagonjwa wapya kwa maneno, na kila mwenye figo la kupandikizwa aliyekutana naye kwenye korido alimwambia sentensi moja: "Kipimo kikipanda, nenda. Atakayesemwa asemwe." Alifariki Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, asubuhi, baada ya maji kujaa mapafuni na moyo kushindwa. Swaumu alikuwa kichwani kwake na Mwajabu miguuni. Alizikwa hapa Ikwiriri Ijumaa tarehe 12 Septemba, baada ya swala ya Ijumaa.

Kuna jambo lilitokea siku ile ambalo wengi mliliona na wachache mlilielewa.

Kabla jeneza halijatoka, Hemedy alikuja uani kwa wanawake, akachuchumaa mbele ya Mwajabu.

"Mtani, nilitania."

"Najua."

"Mimi nilitania tu. Wao ndio waliochukua."

Mwajabu, macho yake yakiwa mekundu, alimjibu kama mtani anavyojibiwa. "Basi nenda ukawatanie tena, warudishe."

Hemedy alikwenda. Mlimwona. Alisimama mbele ya jeneza, mahali ambapo watani husimama kudai chao kabla ya kumwachia maiti apite. Mlimsubiri alale chini, amwigize marehemu anavyopangusa pumba masikioni. Hakulala. Alisema kwa sauti, "Jamani, nilisema uongo. Figo lilikuwa zima. Mwajabu alitoa figo zima."

Na mkacheka.

Mlicheka kwa sababu ndiyo kazi ya mtani msibani. Aliposema tena, mlicheka zaidi. Mtu mmoja akamrushia noti, akamwambia, "Haya, pokea, upishe njia." Hemedy aliiacha chini. Aliposema mara ya tatu alikuwa analia, na hata hilo lilionekana ni uigizaji mzuri. Jeneza likapita. Alipotania aliaminiwa, na aliposema kweli alilipwa.

Hemedy yupo hapa leo. Hatukumwomba aseme lolote. Tumeandika wenyewe, kwa kuwa sisi si watani wenu na hamna ruhusa ya kutucheka.

Mwajabu hupimwa kila mwaka, kama watoaji wote wa figo wanavyotakiwa. Alipimwa tena mwezi uliopita. Figo lililobaki kwake linafanya kazi vizuri. Hilo ndilo pacha wa lile. Yalikua pamoja katika mwili mmoja, yakanywa maji ya mto mmoja, na kama kirusi kimo katika moja, basi hata katika jingine kimo, kimelala. Moja lilibaki kwenye mwili wenye kinga yake. Jingine lilikwenda kwenye mwili tulioupokonya kinga ili lipate kuishi humo. Hakuna zuri lililobaki wala bovu lililotoka. Yalikuwa mawili sawa, na moja alilitoa.

Marehemu ameacha mama, Bi Mwanawetu, mjane, Swaumu, watoto wawili, Zuena na Saidy, kaka yake Abdala, mdogo wake Ally na dada yake Sabra, mtani wake Hemedy, na mdogo wake Mwajabu, ambaye ndani ya kaburi la Ridhiwani ana sehemu ya mwili wake iliyotangulia, na ambaye kesho asubuhi atakuwa kwenye kibaraza chake anasuka, kama kuna atakayepita kununua mkeka.

Ridhiwani ameshafika. Mwenyezi Mungu ampe pale alipo utulivu alioukosa kwenye kiti kile, amsamehe alichokosea kwa kupenda.

Yeye amepumzika. Mwajabu naye aachwe apumzike.